Mahadhi ya Wote, Sauti za Mwenyewe: Tijara ya Nyimbo za Kale za Noeli

Katika majira ya baridi ya mwaka 1831, ndugu wa ukoo wa Strasser, ambao riziki yao ilitokana na kushona na kuchuuza glavu za ngozi, waliteremka kutoka bonde lao la Zillertal katika milima ya Tirol, nchini Austria, wakaenda hadi Leipzig, mji wa Ujerumani uliosifika tangu zama za kale kwa magulio yake, na huko, walipoona wapita njia wanatazama glavu bila kutia mkono mfukoni, wakaanza kuimba nyimbo za kwao ili kuwavuta waje kibandani. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo mmoja wa usiku wa kuzaliwa Masihi, wenye mwendo wa kubembeleza mtoto, ambao kwaya zetu leo huujua kwa jina la Usiku Mtakatifu. Na watu wa Leipzig, ambao glavu hawakuzikosa, waliupenda wimbo kuliko bidhaa. Mwaka uliofuata ndugu hao waliimba ukumbini badala ya sokoni, na haukupita muda mrefu mpiga chapa wa Dresden, A. R. Friese, akautoa katika kijitabu cha nyimbo nne, akaandika juu ya jalada kwamba hizo ni nyimbo halisi za Tirol.

Jalada lile halikusema kweli. Wimbo haukuzaliwa Tirol. Ulizaliwa Oberndorf, karibu na Salzburg, kijiji cha watu wa mashua waliosafirisha chumvi mtoni. Wala haukuwa wa kale, kwa maana umri wake ulikuwa kama miaka 15 tu. Wala haukukosa wenyewe, kwani padri Joseph Mohr, aliyetunga maneno mwaka 1816, na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda aliyeyatilia mahadhi tarehe 24 Desemba 1818, walikuwa hai wote wawili wakati chapa ya Dresden ilipokuwa ikiuzwa. Aliyeuhamisha wimbo, kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, ni Karl Mauracher, fundi wa vinanda vya kanisani, ambaye alikwenda kushughulikia kinanda cha Oberndorf akarudi kwao Zillertal na nakala ya wimbo. Mohr alifariki mwaka 1848 katika kijiji cha Wagrain, akiwa fukara. Gruber hakuulizwa neno hadi mwaka 1854, pale wanamuziki wa baraza la mfalme huko Berlin, wakidhani kwamba wimbo ni wa Michael Haydn, walipopeleka barua Salzburg kutaka hakika yake. Naye, tarehe 30 Desemba ya mwaka huo, akaandika taarifa fupi ya jinsi ulivyotungwa. Sifa ikamfikia akiwa mzee wa miaka 67, lakini mrabaha haukuwapo wa kumfikia.

Nimeanza na kisa hicho kwa kuwa ndani yake mna kanuni nzima ya tijara ninayotaka kuieleza, tijara ambayo kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, huwaamsha wachapaji wa nota, wenye studio, walimu wa kwaya na wanasheria wa hakimiliki. Bidhaa yake ni ya ajabu. Mahadhi yenyewe, yakishakuwa ya kale, hayana bei, kwani yeyote aweza kuyaimba bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachouzwa ni vazi lake, yaani karatasi iliyochapwa, sauti nne zilizopangwa juu ya mahadhi, na santuri iliyonasa sauti hizo. Kwa sababu hiyo mfanyabiashara wa nyimbo za Noeli daima amependelea wimbo usio na mwenyewe, na asipoupata, aghalabu amekuwa radhi kumsahau mwenyewe aliyepo.

Upande wa karatasi ndio mkongwe zaidi. Mwaka 1521 Wynkyn de Worde, mpiga chapa wa London aliyerithi matbaa ya William Caxton, alitoa kitabu cha nyimbo za Krismasi ambacho kwa leo imebaki karatasi moja tu, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Na wimbo mmojawapo uliomo ndani ya karatasi hiyo si wa malaika wala wa wachungaji, ni wa kichwa cha nguruwe mwitu kinacholetwa mezani, jambo linalotuonyesha kwamba wanunuzi wa wakati ule walitaka wimbo wa karamu kama walivyotaka wimbo wa ibada. Miaka 61 baadaye, yaani 1582, ilichapwa huko Greifswald diwani ya nyimbo 74 za Kilatini iitwayo Piae Cantiones, iliyokusanywa kwa ajili ya wanafunzi wa Turku, nchini Finland. Nitairudia diwani hiyo hivi punde, kwa sababu ilikuja kuwa kisima cha watu ambao hawakujua hata upande wa kuitafuta Turku.

Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, lililokuwa mikononi mwa Wapuriti, lilipiga marufuku sikukuu ya Krismasi. Lakini marufuku ile, na hata ile baridi ya ibada iliyobaki baada yake, haikuwazuia wachuuzi wa karatasi moja moja zilizouzwa barabarani kwa senti chache, zenye maneno upande mmoja na picha ya mbao isiyohusiana na maneno, ambazo mnunuzi aliziimba kwa mahadhi yoyote aliyoyajua. Baadaye Wakatoliki wa Kiingereza waliokimbilia Ufaransa walikuwa na tijara yao nyingine: John Francis Wade, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili nota za kanisa kwa mkono, kwa hati nzuri mno, na kuziuza kwa makanisa na familia tajiri, ndiye ambaye katika nakala zake za miaka ya 1740 tunaona kwa mara ya kwanza ule wimbo wa Kilatini wa kuwaita waamini waje Bethlehemu. Kama aliutunga au aliunakili tu, wataalamu wanabishana hadi leo. Lililo wazi ni kwamba aliishi kwa kuuza hati, na wimbo ulisafiri ndani ya hati.

Karne ya 19 ndiyo iliyoigeuza biashara hii kutoka chuuzi hadi sanaa ya viwanda. Davies Gilbert, mbunge wa Cornwall ambaye baadaye alikuwa rais wa Royal Society, alichapa mwaka 1822 kitabu kidogo cha nyimbo alizozisikia utotoni katika makanisa ya magharibi ya Uingereza, akiamini kwamba anaandika habari za desturi inayokufa. Mwanasheria William Sandys akafuata mwaka 1833 na kitabu kikubwa zaidi. Mabwana hao wawili walidhani wanashona sanda, kumbe walikuwa wanafungua duka. Mwaka 1853 balozi wa Uingereza aliyekuwa Stockholm, G. J. R. Gordon, alimpa kasisi John Mason Neale na mwanamuziki Thomas Helmore nakala ya ile Piae Cantiones, nao wakaikamua bila huruma: wimbo wa Kilatini uliosifu maua ya majira ya kuchipua Neale aliuvua maneno yake, akauvika kisa cha mfalme Wenceslas wa Bohemia anayepeleka kuni kwa maskini siku ya Mtakatifu Stefano. Wahariri wa The Oxford Book of Carols, mwaka 1928, hawakuficha kwamba kisa hicho waliona ni dhaifu, wakatamani kisahauliwe na maua yarudishiwe mahadhi yake. Hakikusahauliwa. Soko lina masikio yake.

Na kama kuna anayedhani kwamba ndoa za namna hii ni za lazima ziwe za kidini pande zote mbili, na autazame wimbo wa Charles Wesley wa malaika watangazao, uliotungwa mwaka 1739. Mahadhi tunayouimbia leo yalitoka katika utenzi alioutunga Felix Mendelssohn mwaka 1840 kwa ajili ya sherehe za Leipzig za kumkumbuka Gutenberg, aliyebuni uchapaji wa herufi. Na Mendelssohn mwenyewe aliona kwamba mahadhi yale yangeweza kupata maneno mengine, walakini si maneno matakatifu. Alipokwisha kufariki, William Cummings, mpiga kinanda wa Kiingereza, aliyakutanisha na tungo ya Wesley mwaka 1855, na kuanzia siku hiyo wimbo wa kuusifu mtambo wa chapa umekuwa ukiimbwa kila Noeli na mamilioni wasiojua kwamba wanamsifu pia mchapaji. Napenda kuona humo haki fulani ya kimya kimya.

Hata hivyo, aliyeupa ujumla huo sura ya biashara ya kisasa ni John Stainer. Yeye pamoja na Henry Bramley walitoa mwaka 1871, kwa matbaa ya Novello, kitabu kilichokuwa na kila alichohitaji mwalimu wa kwaya ya parokia: mahadhi ya kale juu, sauti tatu chini yake, hakuna mlio unaomshinda mwimbaji asiyesoma sana, na bei ya kufikiwa na kwaya yenye mfuko mwembamba. Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa kurasa hizi za biashara wanaweza kudhani kwamba kupanga sauti ni kazi ya pembeni, kama kupiga rangi nyumba iliyojengwa na mwingine.

Kazi ya mpangaji ni hii. Anachukua mstari mmoja wa mahadhi, anaamua besi watembee au wasimame, anaamua sauti ya pili ijiegemeze kwa ya kwanza au ishindane nayo, anaweka mahali mlio mmoja wa kuumiza ili ule unaofuata uwe dawa yake. Mfano wa karibu ni beti mbili za mwisho za wimbo wa Wade kama alivyozipanga David Willcocks wa King's College, Cambridge: umati unaimba mahadhi yale yale waliyoanza nayo, sauti za kwanza za kwaya zinapanda juu yao kama kipanga katika ubeti wa kwanza wa hizo, halafu katika ule wa mwisho kinanda, ambacho kwa beti kadhaa kilikuwa kikiwaunga waimbaji mkono kwa upole, kinaangusha chini ya neno moja mlio mzito usiotarajiwa, kiasi kwamba asiyejua nota naye anageuza shingo. Mlio huo ni mali. Mahadhi ni ya kila mtu. Mlio ule, kwa sheria, una mwenyewe na una warithi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wapangaji wanapenda nyimbo za kale kuliko mpya. Mpangaji anayegusa wimbo wenye mwenyewe hana budi kuomba ridhaa, na mara nyingi hulipwa ujira wa mara moja, kisha haki zote zikabaki kwa mtunzi na mchapaji wake. Lakini anayegusa wimbo usio na mwenyewe huwa yeye ndiye mwenye hakimiliki ya kile alichokiongeza, na mapato hayana wa kugawana naye ila mchapaji. Katika hesabu za Marekani jambo hili laonekana wazi. Sheria ya mwaka 1909 iliweka senti 2 kwa kila nakala ya wimbo iliyotengenezwa kwa mtambo. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2022 kima kilikuwa senti 9.1, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi senti 12. Basi mwenye kurekodi nyimbo 12 mpya za watu wengine alidaiwa, kwa kima cha 9.1, dola 1 na senti 9 hivi kwa kila sahani, na kwa nakala 100,000 hiyo ni dola 109,200. Akirekodi nyimbo 12 za kale alizozipanga mwenyewe, fedha hiyo haitoki nje ya nyumba yake.

Chip Davis wa Omaha, Nebraska, alilifahamu hilo barabara. Mwaka 1984, akiwa na kundi lake la Mannheim Steamroller, alitoa kwa kampuni yake mwenyewe, American Gramaphone, albamu ya nyimbo za Noeli za karne nyingi zilizopita, alizozipanga kwa vinanda vya umeme na ngoma; akawa mwenye mpangilio, mwenye rekodi na mwenye kampuni, na albamu hiyo pamoja na zilizoifuata zikauzwa kwa mamilioni. Wapenzi wa muziki wa makanisa ya mawe waliziba masikio. Mimi pia si mpenzi wa ngoma zile, ila sioni kosa lolote katika hesabu yake.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, njia ya taasisi. Ibada ya Masomo Tisa na Nyimbo ilianza mkesha wa Noeli wa 1880 katika kibanda cha mbao huko Truro, Cornwall, ambako kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa. Mwaka 1918 Eric Milner-White akaihamishia King's College, na tangu 1928, isipokuwa mwaka 1930, BBC imeitangaza hewani kila mwaka. Mwaka huohuo wa 1928 Oxford University Press ilitoa ile The Oxford Book of Carols, iliyohaririwa na Percy Dearmer, Martin Shaw na Ralph Vaughan Williams. Redio ilitia hamu, kitabu kikakidhi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Argo ikaongeza santuri za ibada ile. Na mwaka 1961 Oxford hao hao wakatoa Carols for Choirs, kitabu cha jalada la kijani cha Reginald Jacques na Willcocks, ambacho waimbaji wa Kiingereza hukitambua kwa rangi kama tunavyotambua noti. Siri yake kibiashara si ngumu: kwaya ya watu 40 huhitaji nakala 40, na mwimbaji akishazoea mapambo ya Willcocks hataki kurudia sauti za Stainer. Buku la pili lilipotoka mwaka 1970, kijana mmoja aitwaye John Rutter alikuwa ameshirikishwa kama mhariri, naye baadaye akafanya alichofanya Davis, ila kwa adabu ya Kiingereza: akaunda kwaya yake mwaka 1981, na kampuni yake ya kurekodi, Collegium.

Gharama za kuyatafuta mahadhi yenyewe hazisemwi mara nyingi. Vaughan Williams alipokubali kuwa mhariri wa muziki wa The English Hymnal, iliyotoka mwaka 1906, aliambiwa kwamba kazi itachukua miezi miwili; ilichukua miaka miwili, na bili ya ukarani peke yake ikafika kiasi cha pauni 250, fedha nyingi kwa wakati ule. Ndani ya kitabu hicho wimbo wa mji mdogo wa Bethlehemu, wenye maneno ya askofu wa Kimarekani Phillips Brooks, ulipata mahadhi ambayo Vaughan Williams aliyaandika mwaka 1903 kutoka kinywani mwa mzee aliyeitwa Garman, huko Forest Green katika wilaya ya Surrey. Mzee hakuimba habari za Noeli hata kidogo. Aliimba kisa cha kijana wa kulima kwa farasi na ndoto aliyoiota. Mahadhi yakapewa jina la kijiji. Jina la mzee limebaki katika madaftari ya wataalamu, na jina la mpangaji limebaki katika madaftari ya mirabaha. Walakini sitaki kumlaumu Vaughan Williams, ambaye pasi na yeye wimbo ungelikufa na mwimbaji wake.

Kisa cha Mykola Leontovych kinasikitisha zaidi. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiukreni aliyechukua mahadhi mafupi ya nota nne tu, kutoka wimbo wa kijijini wa kuukaribisha mwaka mpya ambamo mbayuwayu anamwambia mwenye nyumba juu ya neema itakayomjia, akayapangia sauti za kwaya kwa ustadi wa mfuma mikeka. Wimbo ukaimbwa Kyiv mwezi Desemba 1916. Mwaka 1919 serikali changa ya Ukraine iliituma kwaya ya Alexander Koshetz Ulaya ili mataifa yaijue nchi yao kwa sauti kama hayataki kuijua kwa hoja, na tarehe 5 Oktoba 1922 kwaya hiyo ikauimba katika Carnegie Hall, New York. Leontovych hakuishi kusikia habari hizo. Alipigwa risasi na jasusi wa Kisovyeti tarehe 23 Januari 1921, nyumbani kwa baba yake. Mwaka 1936 Peter Wilhousky, Mmarekani mwenye asili ya huko huko, aliutungia maneno ya Kiingereza yanayohusu kengele, mchapaji Carl Fischer akayatoa, na mbayuwayu akawa kengele za Krismasi. Kwa muda wa miaka mingi kwaya zilizotaka kuyatumia maneno hayo zililazimika kwenda kwa mchapaji wa New York, ilhali sauti zenyewe, ambazo ndizo zilizowavutia, zilikuwa za marehemu.

Huku kwetu nyimbo hizi zilikuja na misheni, na mlango wake mmoja ulikuwa Unguja. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka 1873, na aliyesimamia ujenzi, Askofu Edward Steere, ni yule yule aliyekuwa ameandika kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Lakini kilichozieneza nyimbo bara zima ni jambo la kimatbaa zaidi kuliko la kitheolojia. Nota za mistari mitano zilihitaji herufi maalumu za risasi na fundi aliyezizoea, vitu ambavyo matbaa ya misheni haikuwa navyo. Ila ule mfumo wa solfa ambao John Curwen aliueneza Uingereza katikati ya karne ya 19, akiujenga juu ya kazi ya mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, uliandikwa kwa herufi za kawaida za alfabeti, nukta na vistari, kiasi kwamba matbaa iliyochapa katekisimu ikaweza kuchapa sauti nne bila kununua hata herufi moja ya ziada. Uchumi huo mdogo ndio uliotufanya tuwe watu wa kwaya.

Tena si kwaya tu. Tumewahi kuuza santuri pia, ijapokuwa faida ilikwenda mbali. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, nchini Kongo, padri Mfransisko wa Kibelgiji, Guido Haazen, aliongoza vijana na walimu katika kuimba sehemu za Misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kiluba na ya makabila jirani, wakizibuni papo kwa papo kwa pamoja. Philips ikatoa santuri, Missa Luba ikavuma Ulaya na Marekani, na nota zikachapwa kwa jina la padri. Haikuwa Misa ya Noeli, wala simtuhumu padri huyo kwa ubaya. Nimeitaja kwa kuwa ni mfano ulio karibu nasi wa swali lile lile la Forest Green, yaani kazi ya wengi ikishaandikwa karatasini, sheria humtazama aliyeshika kalamu.

Niliwahi kukaa benchi la nyuma, mwezi wa Novemba, katika mazoezi ya kwaya ya parokia moja jijini Dar es Salaam. Wanaume wa besi walifika wamechelewa kutoka kazini, mwalimu wa kwaya akawagawia karatasi za solfa ambazo zilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia hata d na r zikawa pacha, na juu ya ukurasa, mahali ambapo pangekuwa na jina la aliyepanga sauti, mashine ilikuwa imepakata kabisa. Limebaki neno Noeli na nusu ya mwaka. Mwalimu akasema, "Hapa msifuate karatasi, besi mtashuka hadi so ya chini, nimepabadilisha." Wakashuka. Chumba kizima kilibadilika. Mama mmoja wa sauti ya pili akacheka kwa furaha, akaomba warudie. Mwaka uliofuata niliusikia mpangilio ule ule, pamoja na ule mteremko wa besi, katika rekodi ya kwaya nyingine iliyotolewa na studio ambayo sitaitaja, na mahali pa jina la mpangaji paliandikwa: wimbo wa asili. Nilipompigia mwalimu simu alisema tu kwamba anashukuru Mungu wimbo umependwa.

Shukrani hiyo ni tabia njema, lakini katika daftari la hesabu haina safu yake. Studio zetu hutoza kwa saa au kwa wimbo. Kwaya huchanga, huuza kanda, kisha sahani, kisha flashi mlangoni pa kanisa baada ya Misa ya pili, na sasa huweka video mtandaoni. Na katika mnyororo huo wote mpangaji ndiye pekee asiye na risiti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ile ya Kenya ya mwaka 2001, hulinda mpangilio wa muziki kama kazi inayojitegemea, hata kama mahadhi yake ni ya tangu dahari, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, huandikisha kazi za namna hiyo. Kuandikisha si sharti la kuipata haki, ila ni ushahidi wa kumwonyesha hakimu. Na ushahidi wa kwanza kabisa, usio na gharama, ni jina, mwaka na sahihi ya mpangaji kuandikwa chini ya ukurasa badala ya juu, ambako mashine ya fotokopi hukata. Walimu wa kwaya wanaosoma haya nawaomba wafanye hivyo kabla ya Majilio.

Kwa faida ya wenye kupanga bajeti, hesabu ya muda ni hii. Kazi za Stainer, aliyefariki mwaka 1901, ni huru kila mahali. Mpangilio wa Vaughan Williams, aliyefariki mwaka 1958, umekuwa huru Tanzania Bara na Kenya, ambako ulinzi ni uhai na miaka 50, tangu tarehe 1 Januari 2009, lakini Uingereza, ambako ni uhai na miaka 70, utalindwa hadi mwisho wa mwaka 2028. Wa Willcocks, aliyefariki mwaka 2015, utalindwa hapa kwetu hadi mwisho wa 2065 na huko hadi mwisho wa 2085. Wa yule mwalimu wa kwaya wa Dar es Salaam, ambaye yu hai na Jumamosi hii ana mazoezi, muda wake haujaanza kuhesabiwa.